Karatasi Haina Mgongo

3 Machi

Bibi Kalamu,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara nne, na mara zote umesema "ndiyo, ndiyo, mwanangu" halafu ukakata kabla sijaeleza ninachotaka. Naona umekusudia nikuandikie. Haya, nimeandika. Ni mimi, mjukuu wa Mkasi, yule uliyekuwa ukimfukuza mezani kwako kwa sababu ya vidole vyenye siagi.

Ni miezi miwili sasa tangu tumzike Bibi, na watu bado wanamiminika nyumbani. Jana alikuja mzee mpiga zumari. Alikaa sebuleni akaniambia kwamba aliishi katika kile chumba cha nyuma miaka kumi na moja, na hakuna siku aliyoulizwa ataondoka lini. Alichoulizwa kila asubuhi ni kama amefanya mazoezi. Daktari naye hachoki kusimulia jinsi Bibi alivyomtazama siku ile ya mwisho akamwambia, "Bega lako la kushoto limeshuka. Nani kakukatia hili koti? Kamshtaki." Miaka tisini na mitatu, pumzi zinahesabika, na bado anakagua mabega ya watu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Jumba la makumbusho limekubali kumpa Bibi chumba. Si maonyesho ya wiki mbili, ni chumba cha kudumu, jina lake mlangoni, katikati ya wachoraji na wachongaji wale wale aliowalisha na kuwalaza. Mjomba ni mwenyekiti wa kamati ya familia, mimi napanga vitu ukutani. Tutatundika michoro yake yote sitini na miwili, ile ya mavazi ya jukwaani, na nguo chache pembeni.

Jumba limetoa sharti moja. Mtu aliyefanya kazi naye kwa karibu atie saini tamko kwamba michoro hiyo ni ya mkono wake. Bila tamko hakuna chumba, na waliofanya naye kazi wote wametangulia isipokuwa wewe. Tamko lenyewe ni mistari mitatu, liko ndani ya bahasha hii pamoja na kijitabu cha kumbukumbu alichokiandika Mjomba. Saini, rudisha, kisha uje ukate utepe. Mikasi tunayo ya kutosha.

Mjukuu wako


11 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Kwenye simu huwa nakubali kila kitu ili mtu anyamaze. Kwenye karatasi najua kukataa, na hapa nakataa. Sitasaini.

Sababu usiniulize. Nina miaka sabini na moja, nimekula chumvi ya kutosha kukataa jambo bila kujieleza.

Lakini hicho kijitabu cha mjomba wako nimekisoma chote, na kimenipandisha presha. "Mama mpole aliyependa sanaa tangu utotoni." Mpole? Nani huyo? Mimi niliishi naye nyumba moja miaka thelathini na huyo mpole sikuwahi kukutana naye koridoni. Mkasi alianza kazi akiwa na miaka tisa katika kiwanda cha magunia, akikata magunia yaliyotoboka ili yashonwe upya. Huko ndiko alikojulia kitambaa. Sanaa alikutana nayo akiwa na miaka ishirini na kitu, kwenye duka la mavazi ya harusi, alipotumwa kupeleka gauni kwa mwimbaji mmoja aliyekuwa anaolewa, akamkuta anafanya mazoezi. Alisimama mlangoni na gauni mkononi mpaka bwana harusi akaja mwenyewe kulitafuta. Siku hiyo alifukuzwa kazi. Aliniambia ndiyo siku aliyoajiriwa.

Na hao wasanii "aliowafadhili kwa moyo mkunjufu", mbona hamjasema aliwafanyisha kazi? Ukitaka kulala kwa Mkasi ulilipa kwa kufundisha. Mshairi aliwasomea washonaji mashairi wakati wanapiga pindo, na akisoma bila pumzi walimzomea. Mchongaji aliwaonyesha jinsi mfupa wa bega unavyopanda mkono ukiinuliwa. Kulikuwa na mama mmoja wa vifungo, shule aliishia darasa la nne, aliyeweza kubishana na mpiga zumari kuhusu kipande cha muziki mpaka mpiga zumari akaondoka kwa hasira na kurudi kesho yake kukiri. Wakubwa walipokuja kununua picha, Mkasi aliwaonyesha kwanza ile ambayo hakuna aliyeipenda. Wakiicheka, hakuwauzia nyingine.

Huyo ndiye wa kukumbukwa. Msimvike kilemba cha ukoka ati kwa sababu hayupo wa kukivua. Tundikeni nguo. Hiyo michoro iacheni ndani ya sanduku lake.

Tamko lenu nalirudisha. Nimelikunja vizuri, unaweza kulitumia tena.

Kalamu


18 Machi

Kwa: Bi. Kalamu,
Mchora Ramani Mstaafu

YAH: TAMKO LA UHALISI WA MICHORO

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea taarifa kwamba umekataa kutia saini tamko lililotajwa. Napenda kukufahamisha kwamba baraza la jumba la makumbusho litakutana tarehe 16 Aprili kwa uamuzi wa mwisho. Endapo uhalisi wa michoro hautathibitishwa, chumba kitatolewa kwa mwingine. Marehemu mama yangu alikutaja kila mara kama mtu asiyekosea hata unywele. Neno lako linatosha.

Kamati inaelewa kwamba huenda una malalamiko ya zamani kuhusu malipo au heshima. Yaeleze kwa maandishi nami nitayashughulikia.

Nikitoka kidogo nje ya uenyekiti, niseme hili. Nilipokuwa shule waliniita "mtoto wa cherehani". Walikuwa wakikanyaga chini kwa mguu mmoja, taratatata, kila nilipoingia darasani. Kisha gazeti likachapisha michoro ya mama, ukurasa mzima, na mwalimu mkuu akaniita ofisini kunipa mkono. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtoto wa mbunifu. Michoro ile ndiyo ilinyamazisha ile miguu. Nakuomba usinirudishe kule.

Wako katika ujenzi wa kumbukumbu,

Mwenyekiti, Kamati ya Familia


20 Machi

Bibi Kalamu,

Shikamoo tena. Barua ya Mjomba naijua, ni mimi niliyempigia chapa. Ile aya ya mwisho aliiongeza mwenyewe kwa mkono baada ya mimi kuondoka, nimeona nakala. Usimkasirikie.

Nina jambo ambalo yeye hajalijua. Nilikuwa naandaa gauni la malkia, lile la kijani kibichi la mchezo wa kwanza mkubwa. Kiunoni, upande wa kulia, lina jani dogo la hariri lililoshonewa juu. Mama aliwahi kunisimulia habari ya hilo jani: pasi iliunguza gauni siku ya onyesho, pazia likiwa karibu kufunguliwa, Bibi akakata jani kutoka kwenye bitana akaziba tundu pale pale, mwigizaji akiwa amelivaa. Watazamaji wote wakadhani ni pambo.

Nimechukua mchoro wa gauni hilo. Una tarehe na muhuri, miezi mitatu kabla ya ile pasi. Na jani limo. Nimehesabu mishono ya kulizunguka: kumi na minne kwenye gauni, kumi na minne kwenye mchoro. Bibi yangu alikuwa na akili nyingi lakini hakuwa mtabiri wa pasi.

Nikachukua ile ramani uliyonichorea zamani, ya kutoka stesheni hadi kwako, yenye kila nguzo ya umeme na ule mfereji usio na kifuniko. Nikaiweka kando ya michoro. Mkono ni mmoja. Yote sitini na miwili ni yako.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Basi Bibi alikuibia. Miaka yote ile alitia saini kazi yako, akapigiwa makofi, akapewa cheo, nawe ukakaa kimya kwenye chumba chako cha juu. Sasa naelewa kwa nini hutaki kusaini, na una haki. Nitaandika jina lako chini ya kila mchoro, na kwenye kijitabu nitaeleza wazi kwamba mbunifu halisi ni wewe. Mjomba atapiga kelele, apige. Nampenda Bibi lakini sitasimamia wizi.

Niambie tu uko tayari.

Mjukuu wako anayekuonea uchungu


29 Machi

Wewe mtoto,

Kaa kitako usome hadi mwisho. Umeona vizuri na umefikiri vibaya, na kati ya yote niliyosoma mwezi huu, barua yako ndiyo iliyoniudhi kuliko hata "Yah" ya mjomba wako, mtu niliyemfuta makamasi.

Mbunifu halisi ni mimi? Mimi sijawahi kubuni hata mfuko wa sokoni. Michoro ni yangu, ndiyo. Nguo zilikuwepo kabla ya michoro. Nilizitundika ukutani zikiwa zimekwisha kushonwa, nikazinakili mshono kwa mshono, kama nilivyonakili mito na barabara ofisini. Mimi ni mtu wa ramani. Nachora kilichopo, na kama kuna tundu nachora tundu. Ndiyo maana hilo jani limo. Mwongo mwenye akili angeliacha. Mkasi alipouona mchoro ule alicheka mpaka akajilaza juu ya meza ya kukatia. "Umechora na kovu," akasema, "halafu umeweka tarehe ya kabla sijaumia."

Mkasi hakujua kuchora. Hata mstari wa kugawa karatasi mara mbili ulimshinda. Hakuona aibu. Alisema karatasi haina mgongo wala kwapa, sasa yeye aikatie nini. Alichofanya ni hiki: mwigizaji akija, Mkasi alimwambia atembee kutoka dirishani hadi mlangoni mara tatu. Hakumpima kwa futi. Akishamtazama anatembea, alimrudisha nyumbani, akatandaza kitambaa sakafuni, akavua viatu, akakata. Bila chaki, bila mfano wa karatasi. Mkasi ukiingia haukuinuliwa mpaka kipande kimetoka. Nimeona watu waliosomea kazi hii nchi za mbali wakitazama na kushika vichwa.

Alipokuwa na miaka arobaini na sita, jumba la michezo ya kuigiza lilitangaza nafasi ya mkuu wa mavazi. Alikwenda na sanduku lenye nguo tatu. Mwenyekiti wao hakulifungua hata sanduku. Alimwambia, "Tunatafuta mbunifu, mama, si mshonaji. Michoro iko wapi?" Alirudi nyumbani, akaliweka sanduku katikati ya sebule, akaketi juu yake. Mimi nilikuwa mpangaji wake, miaka ishirini na minne, karani wa ramani. Nilisema, "Nipe siku kumi." Yeye hakuniomba. Wazo ni langu, karatasi ni zangu, na muhuri wa tarehe uliorudisha miaka nyuma ulikuwa wa ofisi yangu. Niliubeba ndani ya kibegi cha chakula siku kumi mfululizo, na baadaye tena kila nguo mpya ilipokwisha.

Alipata kazi. Na gauni la malkia lilipopigiwa makofi, huku mwenyekiti yule yule akisifu "kalamu yenye kipaji", Mkasi alikuja chumbani kwangu akiwa bado na pini mdomoni. Akazitema moja moja kiganjani, akasema, "Sasa nina nafasi, hawawezi kunitoa. Kesho nakwenda kumwambia usoni kwamba sijui kuchora na sitajifunza. Anitazame nikikata."

Hapa ndipo pana jambo ambalo sijamwambia mtu, na ambalo lingenisumbua hadi kaburini kama usingeniudhi. Nilimpigia magoti. Nilimwambia wakichunguza tarehe watafika kwenye muhuri, na wakifika kwenye muhuri watafika kwangu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu nipandishwe kutoka karani kuwa mchora ramani. Nilikuwa na hofu, basi. Hakunilaumu. Alisema, "Haya," akaenda kulala. Hakulizungumza tena jambo hilo miaka arobaini na saba. Kila nguo iliyokwisha nilichora, naye akasaini kwa uso wa mtu anayemeza kwinini.

Wewe umekulia katika nyumba ile. Kuta zimejaa kazi za kila mtu, hata za yule mchoraji wa ng'ombe aliyekuwa hawezi ng'ombe. Umewahi kuona mchoro wenye saini yake? Hakutundika hata mmoja. Hukujiuliza kwa nini.

Kwa hiyo usiseme aliniibia. Alinifunika. Angeweza kusimama akasema yeye ni nani, na hakusema kwa sababu yangu. Nikisaini tamko lenu nitakuwa nimemfukia mara ya pili. Ukiniita mimi mbunifu utakuwa umemfukia mara ya tatu. Nyote wawili, wewe na mjomba wako, mnaamini kwamba mwenye kalamu ni mkubwa kuliko mwenye mkasi. Mnapishana tu kuhusu nani apewe kalamu.

Nakuletea kifurushi kwa gari la mizigo. Ni mabaki ya vitambaa tisa. Mkasi akishakata, kilichobaki sakafuni kilikuwa kitambaa kizima chenye matundu: tundu la mgongo, matundu ya mikono, tundu la kola. Mabaki aliyagawa yashonewe mito. Hayo tisa niliyaficha chini ya kitanda changu, sijui hata kwa nini. Pembeni nimeandika tarehe kwa wino usiofutika, na tarehe hizo ni za kweli. Yatundike kwenye mwanga, mwonyeshe mjomba wako. Akiniuliza mimi ni nani, mwambie ni yule aliyeiba muhuri.

Kalamu


7 Aprili

Bibi Kalamu,

Shikamoo. Maneno uliyonipa nimeyapokea, nami nakuomba radhi. Nilijiona mtetezi wa wanyonge kumbe namnyonga Bibi yangu mwenyewe.

Kifurushi kilifika jana. Nilikifungua katika chumba cha kukatia nikayatundika mabaki kwenye ile kamba ya dirishani. Nilianza na la bluu, ambalo pembeni umeandika "sanduku, nguo ya kwanza". Jua likapita kwenye matundu likalala sakafuni, na sakafuni pale kulikuwa na mwanamke: mgongo, mikono, kola. Nimepitisha kidole pembezoni kote. Hakuna alama ya chaki. Hakuna mahali ambapo mkasi ulisita ukaanza tena. Nilikaa chini nikalia, na safari hii nilijua nalia nini.

Nimempa Mjomba barua yako yote, hata pale palipo na makamasi. Aliisoma amesimama. Kisha akasogea kwenye lile la bluu akapitisha mkono wake kwenye tundu la mkono, pole pole, kama mtu anayejaribu koti. Akauacha humo. Nilimuuliza tufanye nini, baraza ni siku tisa zijazo. Akaniambia niende nikapike chai. Niliporudi alikuwa ameondoka, na lile la bluu halikuwepo kwenye kamba.

Hajapokea simu tangu jana. Ninaogopa amelichoma.

Mjukuu wako


19 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Safari hii sina kichwa cha habari cha kurejea.

Barazani nilikwenda na kitambaa cha bluu. Mjukuu wako alidhani nimekichoma, na simlaumu, kwa maana usiku wa kwanza nilikaa nacho jikoni nikifikiria jambo lisilo mbali na hilo. Nilikuchukia, Mama Mdogo. Nikamchukia na mama. Nilijiona nimekula heshima ya kuazima maisha yangu yote. Asubuhi nilipotaka kukikunja nikashindwa, kwa sababu kitambaa kile kina matundu kila mahali na kila ukikunja kinatelezea upande. Nikahangaika nacho kama nusu saa. Mikono yangu haikujua pa kushika. Hapo ndipo nilipojiuliza yeye alijuaje, kwa mkasi tu, akiwa amepiga magoti sakafuni. Ni swali ambalo sikuwahi kujiuliza nikiwa mwanawe. Nilikuwa na haraka mno ya kuwa mtoto wa mtu mwingine.

Nilikitandaza juu ya meza ya baraza, juu ya mafaili yao na glasi zao za maji. Wajumbe tisa. Nikaweka na michoro yote sitini na miwili, nikawaambia imechorwa baada ya nguo, na tarehe zake ni za uongo. Mwenyekiti wao ni kijana msomi, ana adabu, si kama yule aliyemfukuza mama na sanduku lake. Alikitazama kitambaa, akanitazama, akasema, "Lakini mzee, kama michoro si yake, basi tuna nini cha kuonyesha? Usanifu wake uko wapi?" Nikamwambia ameuwekea kiwiko. Akainua kiwiko.

Wakataka kujua kama nataka chumba kihamie upande wa kazi za mikono, ghorofa ya chini, karibu na vikapu. Nikasema sina ugomvi na vikapu, lakini mama yangu aliwalisha hawa walioko juu, na anakaa nao juu au hakai. Nikasema mama yangu hakuchora hata siku moja, alikata. Nikasema mimi ni mtoto wa fundi, na kama kuna mjumbe anayetaka kukanyaga chini kwa mguu mmoja, akanyage sasa nimsikie. Hawakunielewa, bila shaka. Ila mimi nilijielewa.

Walipiga kura. Watano walikataa, wanne walikubali. Chumba tumekikosa. Nilitoka na kitambaa begani bila kukikunja, kupitia mlango wa mbele.

Basi tunafungua nyumba yake. Haikuhitaji ruhusa ya mtu miaka yote ile na haihitaji leo. Mabaki yote tisa yatatundikwa kwenye kamba kutoka sebuleni hadi chumba cha kukatia. Mpiga zumari atapiga. Nimewaita washonaji wote waliobaki na watoto wao, na wale wajumbe wanne. Hao watano nao nimewaita, wasije wakasema hawakujua. Ni Alhamisi ijayo saa nne asubuhi. Kijitabu nimekiandika upya. Neno "mpole" nimelitoa.

Kuna jambo moja lazima ulijue. Mjumbe mmoja ameutambua ule muhuri kuwa wa ofisi ya ramani, anauliza nani aliutumia. Wanakusudia kuandikia chuo cha upimaji ardhi, kile chenye darasa lililopewa jina lako, wanakokutolea mfano kila mwaka kwa usahihi. Sikukutaja. Nilisema tu michoro imechorwa na mtu mwingine. Naweza kuendelea kusema hivyo hivyo mpaka wachoke. Mama alikufunika, nami naweza kukufunika. Uamuzi ni wako, na chochote utakachoamua hutapungua machoni pangu.

Mwanao


22 Aprili

Mwanangu, na wewe mjukuu,

Marahaba kwa wote.

Chuo nimekwishakiandikia mimi mwenyewe. Nimewaeleza muhuri ulikuwa wa nani, ulikaa kwenye begi gani, na siku ngapi. Nimewaambia darasa walibadilishe jina ama waliache, lakini wanafunzi waambiwe yote. Barua nimeituma kabla ya hii ili nisije nikabadili nia nikifika stesheni.

Usinifunike. Nimefunikwa vya kutosha, nimeota ukungu.

Ninakuja na treni ya Jumatano. Alhamisi, watu wakishaingia, nitasema mwenyewe, na nitaanza na yale magoti niliyopiga, kwa sababu nikiyaacha hadi mwisho nitatafuta njia ya kuyaruka. Wajumbe watano wakija wapeni viti vya mbele. Mimi msiniwekee kiti. Najua nina miguu mibaya, na mjukuu ataanza kuniburuzia kile cha mito. Asithubutu.

Yeye alisimama mbele yangu miaka arobaini na saba. Mimi sitashindwa kusimama asubuhi moja.

Kalamu